Namna ya Kulinganisha Chensoo za Betri Kabla ya Kununua Moja ya Nyumbani

Ukiingia katika duka la zana pale Kariakoo, Dar es Salaam, au Mwanjelwa, Mbeya, na kuulizia chensoo ya betri, jambo la kwanza utakalotajiwa ni volti. Hii ni ya ishirini na moja, ile ni ya arobaini na nane, na ile nyingine, ambayo boksi lake limechorwa radi, ni ya themanini na nane, ndiyo maana bei yake imepanda kidogo. Mnunuzi ambaye hajawahi kushika msumeno wa aina hii huondoka akiamini kwamba amenunua nguvu mara nne ya jirani yake. Akifika nyumbani na kuuweka juu ya gogo la mkaratusi, unazima kabla hajapata kuni za kuivisha maharage.

Chensoo za betri zilizo nzuri zinafanya kazi ya kuridhisha kabisa katika kaya ya mkulima mdogo, ila zinataka kupimwa kwa kipimo kingine. Anayenunua msumeno wa petroli hununua injini. Anayenunua wa betri, mali yake halisi ni betri pamoja na chaja, na msumeno wenyewe ni kifaa kinachochomekwa hapo. Mtu akilishika hilo, maneno mengi ya muuzaji hupungua uzito, na maswali mengine, ambayo muuzaji hakuyatarajia, huanza kujitokeza.

Kazi yenyewe kwanza

Kabla ya kwenda dukani, zunguka shamba lako ukiwa na kamba na upime unene wa miti na matawi unayotarajia kuyakata katika mwaka mzima. Ukizungusha kamba kwenye shina na kugawa urefu wake kwa tatu, utapata kipenyo kwa ukaribu unaotosha. Mimi ninaandika nikiifikiria kaya ya Nyanda za Juu Kusini, ya Njombe au Mufindi, yenye eka mbili au tatu, mstari wa migrevilia au miwati mpakani, mikaratusi michache nyuma ya nyumba, na miparachichi inayohitaji kupogolewa kila mwaka. Katika kaya ya namna hiyo sehemu kubwa ya kazi ni matawi yasiyozidi unene wa mkono wa mtu mzima, kisha kuni za kipenyo cha sentimita 10 hadi 20, kisha nguzo za uzio. Mti wa sentimita 30 huangushwa mara moja moja, labda upepo ukiuinamishia paa.

Hesabu hiyo ndiyo inayochagua urefu wa bapa, yaani lile pande la chuma ambalo cheni huzunguka ukingoni mwake. Bapa la inchi 12 ni sentimita 30, la inchi 14 ni sentimita 35 au zaidi kidogo, na la inchi 16 ni sentimita 40. Kwa kazi niliyoitaja, inchi 12 hutosha karibu siku zote, na inchi 14 huacha nafasi kwa ule mti mmoja mkubwa. Kwenye msumeno wa betri bapa refu ni gharama, kwa kuwa kila sentimita ya ziada huongeza msuguano wa cheni na huongeza urefu wa mbao ambao mota inalazimika kuukata kwa wakati mmoja. Msumeno wa volti 18 uliofungwa bapa la inchi 16 unavutia ukiwa umetundikwa ukutani dukani, lakini shambani hukwama.

Zile chensoo ndogo za mkono mmoja, zenye bapa la inchi 4, 6 au 8, ni jamii nyingine kabisa. Zinafaa kupogoa parachichi, kusafisha mpaka na kukata fito. Sizidharau, maana mwenye bustani asiye na mti mkubwa huenda asihitaji kingine chochote, lakini zisiwekwe kwenye mizani moja na msumeno wa kukatia magogo.

Volti zinasema nini, na zinaficha nini

Betri za zana hizi zimejengwa kwa seli za lithiamu zilizopangwa mfululizo kama betri za tochi. Kila seli hubeba volti 3.6 kwa wastani wakati wa kazi, na volti 4.2 inapokuwa imejaa kabisa. Seli tano zikifuatana zinatoa volti 18 za kazi. Kampuni inayohesabu kwa wastani itaandika 18, inayohesabu kwa kilele kama ilivyo desturi ya Marekani itaandika 20, na watengenezaji wengi wa bei nafuu wataandika 21, ilhali ndani ya boksi zote tatu mna safu ya seli tano tu. Vivyo hivyo seli kumi ni volti 36, ambazo wengine huziita 40. Betri za kampuni ya DeWalt zinazoitwa za volti 60 ni seli kumi na tano, yaani volti 54 za kazi, na zile za EGO zinazoitwa za volti 56 ni seli kumi na nne, yaani volti 50.4. Hakuna udanganyifu hapo, ni namna mbili za kuhesabu, mradi mnunuzi asilinganishe kilele cha huyu na wastani wa yule.

Udanganyifu huanzia kwenye maandishi kama 48VF, 88VF au 388VF, ambayo huonekana kwenye chensoo nyingi ndogo za masokoni. Herufi F iliyopachikwa baada ya V haiwakilishi kipimo chochote cha umeme. Ukifungua betri ya namna hiyo, mara nyingi utakuta safu ileile ya seli tano, yaani volti 18. Ukiyaona maandishi hayo, chukua kwamba namba iliyo mbele yake haijaandikwa, kisha uendelee kukikagua kifaa kwa mambo mengine.

Kipimo kinachofaa kulinganishia ni wati-saa, ambacho alama yake ni Wh, na hupatikana kwa kuzidisha volti za kazi kwa ampea-saa, yaani ile namba yenye alama Ah. Betri ya volti 18 na ampea-saa 2 ina wati-saa 36. Ya volti 18 na ampea-saa 5 ina 90. Ya volti 36 na ampea-saa 5 ina 180. Wati-saa ndizo mafuta yaliyomo tangini, na mara nyingi huandikwa kwa maandishi madogo kwenye ubavu wa betri yenyewe hata kama boksi halizitaji. Angalia tu kwamba baadhi ya watengenezaji huzidisha kwa volti za kilele, hivyo betri ileile ya 90 ikasomeka 100.

Kwa kipimo hiki mambo yaliyoonekana tofauti huanza kufanana. Makita wana msumeno wa bapa la inchi 14, DUC353, unaotumia betri mbili za volti 18 kwa pamoja. Ukiuweka betri mbili za ampea-saa 5, una wati-saa 180, sawa na msumeno wa volti 36 wenye betri moja ya ampea-saa 5. Tofauti iliyobaki ni ya matumizi: mwenye betri mbili ndogo anaweza kuzihamishia kwenye drili na grinda, na mwenye betri moja kubwa ana kitu kimoja tu cha kuchaji na kukumbuka.

Hata hivyo, volti si kitu cha kupuuzwa moja kwa moja. Mota ikihitaji kilowati moja ya nguvu kutoka betri ya volti 18, mkondo unaopita ni karibu ampea 56. Ikiipata kutoka volti 36, mkondo ni nusu yake, karibu ampea 28. Mkondo mkubwa hupasha moto nyaya, swichi na seli zenyewe, na betri iliyo bora hujizima ili isiungue. Ndiyo maana kwa magogo ya kipenyo cha sentimita 20 na kuendelea ninashauri volti 36 au zaidi, na kwa kupogoa volti 18 zinatosha bila lawama.

Kuhusu ampea-saa, uongo wake hugunduliwa kwa mizani. Seli bora za lithiamu za aina hii hubeba takriban wati-saa 250 kwa kila kilo, na nyingi ziko chini ya hapo. Betri inayodai volti 18 na ampea-saa 5, yaani wati-saa 90, haiwezi kuwa na seli za uzito wa chini ya gramu 350, na ukiongeza kasha na viunganishi vyake itakaribia nusu kilo au kuizidi. Muuzaji akikupa betri ya ampea-saa 6 na mizani ya duka la jirani ikasoma gramu 350 nzima nzima, umeuziwa stika. Nimewahi kuonekana mtu wa ajabu kwa kuomba kupima betri kwenye mizani ya muuza sukari, na sijajuta.

Kuzigeuza wati-saa kuwa kuni

Namba za watengenezaji kuhusu idadi ya mikato zinasaidia iwapo mtu atazifungua na kuona zilivyofungwa. DeWalt wanadai kwamba msumeno wao wa volti 20, wenye bapa la inchi 12, unakata mara 90 kwa chaji moja ya betri ya ampea-saa 5, kwenye mbao ya inchi nne kwa nne. Mbao hiyo ya Marekani kwa kipimo halisi ni inchi tatu na nusu kila upande, yaani eneo la sentimita za mraba 79 kwa kila mkato. Mikato 90 ni takriban sentimita za mraba 7,100. Gogo la kipenyo cha sentimita 20 lina eneo la sentimita za mraba 314. Gawanya, upate mikato 22 au 23.

Hiyo ni kwa mbao laini ya jamii ya msindano, cheni ikiwa mpya na hali zote zikiwa za kupendeza. Mkaratusi uliokauka miezi sita ni habari nyingine, na mwati mkavu vilevile. Mwenye busara apange kazi yake kwa nusu ya idadi hiyo, kisha ajipimie mwenyewe siku ya kwanza na kuandika ukutani mwa banda. Hesabu ya eneo ina faida moja zaidi: inaonyesha kwamba gogo la sentimita 30 halimalizi chaji mara moja na nusu tu ya gogo la sentimita 20, bali zaidi ya mara mbili, kwa kuwa eneo hukua kwa mraba wa kipenyo. Watu wengi hushangazwa na jambo hilo wanapofika kwenye kisiki.

Ni haki pia kulinganisha na petroli bila ushabiki. Lita moja ya petroli hubeba karibu wati-saa 9,000, lakini injini ndogo ya msumeno hugeuza sehemu ndogo tu, tuseme moja ya tano, kuwa kazi kwenye cheni, na iliyobaki ni joto, moshi na kelele. Betri ya wati-saa 180, ambayo sehemu kubwa ya nguvu yake huifikia cheni, inalingana basi na petroli inayoweza kuenea katika vikombe viwili vidogo vya kahawa ya mtaani, wala havijai. Hiyo ndiyo sababu msumeno mdogo wa petroli kama Stihl MS 170, wenye nguvu ya kilowati 1.2, bado una nafasi yake kwa mtu anayekata mchana kutwa mbali na umeme. Kwa upande wa pili, betri haili chochote wakati umesimama kuburuta matawi, haihitaji kuchanganyiwa oili, haina kabureta ya kuziba baada ya kukaa stoo miezi minne, na yuniti moja ya LUKU inaijaza betri hiyo ya 180 zaidi ya mara nne. Kazi za nyumbani ni za vipindi vifupi vifupi, na hapo ndipo msumeno wa betri unaposhinda.

Kupasua mbao usikufikirie. Misumeno inayopasua mbao vijijini ni mijitu ya injini kubwa, kama ile Stihl 070 yenye injini ya sentimita za ujazo 106, na hufanya kazi kwa nguvu zote kwa dakika nyingi bila kupumzika. Kazi inayovuta kilowati nne ingeikausha betri ya wati-saa 180 kwa muda usiofika dakika tatu, yaani kabla ubao wa kwanza haujaachana na gogo.

Ukoo wa betri na mahali pa kuichaji

Betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye msumeno wa kampuni nyingine, isipokuwa zile za kuiga ambazo nyingi zimechongwa kwa umbo la betri za Makita za volti 18. Kwa hiyo ununuzi wa kwanza ni kama kuoa katika ukoo: utakaporudi kununua drili, mashine ya kufyekea nyasi au bomba la kunyunyizia dawa, utarudi kwenye ukoo uleule. Kama nyumbani tayari kuna betri mbili za drili zilizo na afya, msumeno wa ukoo huo, hata ukiwa si bora kuliko wote dukani, mara nyingi ndio chaguo la akili, kwa kuwa utaununua mtupu bila betri, na sehemu iliyo ghali unayo tayari. Kama huna kitu, uliza kwanza bei ya betri ya akiba na kama ipo dukani leo hii. Jibu la kwamba itaagizwa lichukue kama jibu la kwamba haipo.

Bei ya boksi isikupumbaze. Boksi moja linaweza kuwa na msumeno mzuri na betri ya ampea-saa 2, jingine likawa na msumeno wa kawaida na betri mbili za ampea-saa 4. Jumlisha wati-saa zote zilizomo, kisha ugawe bei kwa jumla hiyo, uone kila wati-saa imekugharimu kiasi gani. Boksi lililoonekana la bei ya chini mara nyingi hupanda ngazi kadhaa baada ya hesabu hiyo.

Ndugu walioko ng'ambo hupenda kutuletea zana, na hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni chaja. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa volti 230 hadi 240, na wa Marekani ni wa volti 120. Chaja iliyotengenezwa kwa 120 peke yake itaungua siku ya kwanza, isipokuwa itumiwe na transfoma ya kushushia umeme yenye uwezo wa kutosha. Soma kibandiko cha chaja: kikisema 100 hadi 240, uko salama. Zinazotoka Oman, Dubai au Uingereza hazina shida hiyo, na hata plagi zake za pini tatu ni kama zetu. Mtego wa pili ni ndege. Betri ya lithiamu ya akiba hairuhusiwi katika mzigo wa chini, sharti iwe mkononi. Ikizidi wati-saa 100 inahitaji idhini ya shirika la ndege na haziruhusiwi zaidi ya mbili, na ikizidi 160 abiria hasafiri nayo kabisa. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 hupita, ila ya volti 36 na ampea-saa 5, yenye wati-saa 180, itabaki uwanjani. Mtu akikuletea msumeno mtupu na wewe ukanunua betri hapa, hakikisha kwanza kwamba ukoo huo unauzwa hapa.

Kwa wanaotumia sola, swali ni chaja inavuta wati ngapi. Chaja za pole huvuta chini ya wati 100, na za haraka za volti 36 zinaweza kufika wati mia kadhaa, kiasi cha kuizidi inverta ndogo. Kujaza betri ya wati-saa 180 kutachukua takriban wati-saa 240 kutoka kwenye betri ya sola ukihesabu upotevu wa njiani. Betri ya sola ya maji, ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo haifai kukamuliwa zaidi ya nusu yake, itajaza mbili kwa shida, na taa za usiku zitaulizia sehemu yao. Chaji saa sita mchana jua likiwa juu, na upendelee chaja ya pole.

Cheni, oili na tupa

Msumeno wa betri una nguvu kidogo ya kupoteza, kwa hiyo ukali wa cheni una maana kubwa kwake kuliko kwa msumeno wa petroli. Cheni kali hutema maranda. Ikianza kutema unga, simama unoe. Anayeendelea kusukuma anamaliza chaji kwa kupasha mbao moto, kisha anailaumu betri. Tupa ya kunolea ni ya duara, na unene wake hutegemea cheni: kwa cheni nyembamba yenye nafasi ya viungo ya inchi 3/8, iliyo kwenye misumeno mingi ya nyumbani, tupa ni ya milimita 4.0, na kwa cheni ya inchi 0.325 ni ya milimita 4.8. Cheni ndogo za inchi 1/4 zilizo kwenye misumeno ya kupogolea zinahitaji tupa nyembamba zaidi, ambayo haipatikani kirahisi katika maduka ya wilayani, nalo ni jambo la kuuliza kabla ya kulipa. Nundu ndogo iliyo mbele ya kila jino nayo hupunguzwa kwa tupa bapa baada ya kunoa mara kadhaa, vinginevyo jino kali litakuwa linaelea juu ya mbao bila kuuma.

Cheni ya akiba iwepo. Nakili namba tatu zilizopigwa kwenye bapa, yaani nafasi ya viungo, unene wa viungo vinavyoingia mferejini, na idadi ya viungo hivyo, kisha uone kama duka lina cheni inayolingana nazo zote tatu. Inayolingana namba mbili haifungiki.

Oili ya cheni ni hitaji la kila msumeno, wa petroli na wa betri, na hapa ndipo misumeno mingi midogo ya bei nafuu hufeli kwa kuwa haina tangi la oili kabisa. Mwenye nao hulazimika kudondoshea oili kwa mkono kila baada ya mikato michache, jambo ambalo kila mtu huahidi na hakuna anayelifanya. Wengi hutumia oili chafu ya gari. Inalainisha kwa namna fulani, lakini ina chembe za chuma zinazotafuna bapa na pampu, na hurushwa juu ya kuni zitakazopikia na udongo utakaopandwa mchicha. Mafuta ya alizeti hufaa kwa dharura, ila yaliyoachwa kwenye cheni wiki kadhaa hugeuka gundi.

Mbele ya muuzaji

Omba betri iwekwe, na ushike msumeno kwa mikono miwili huku ukiwa umeinama kidogo kama mtu akataye gogo lililolala. Uzito unaoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni wa msumeno bila betri wala bapa, kwa hiyo mkono wako ni shahidi bora. Angalia kama unaelekea mbele sana au kama umetulia.

Kisha kagua breki ya cheni, yaani ile ngao iliyo mbele ya mpini wa juu. Isukume mbele: cheni ikiwa inazunguka ni lazima isimame papo hapo. Kazi yake ni kukuokoa pale robo ya juu ya ncha ya bapa inapogusa mbao na msumeno mzima kuruka kuelekea usoni, tukio ambalo hutokea haraka kuliko mtu anavyoweza kukwepa. Msumeno wa bapa la inchi 10 au zaidi usio na breki hiyo usiununue kwa bei yoyote, hata ya kutupa. Chensoo yenye mpini juu ya mota, kama DUC254 ya Makita, imekusudiwa mafundi waliofunzwa kukata wakiwa juu ya mti. Mtu anayekata akiwa ardhini huvutiwa na wepesi wake, akaanza kuishika kwa mkono mmoja, na hapo mkono wa pili uko njiani mwa cheni.

Jaribu oili pia. Washa msumeno ukiwa umeelekeza ncha juu ya kipande cha boksi bila kukigusa, na baada ya sekunde kadhaa uone mstari mwembamba wa oili umejichora. Usipojichora, pampu imeziba au haipo. Mwisho wa ukaguzi, uliza swichi, mota na kifuniko cha upande vinapatikana wapi vikiharibika. Kuhusu mota, isiyo na brashi (vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) hutumia chaji vizuri zaidi na haina vipande hivyo vya kuchakaa, na siku hizi tofauti ya bei si kubwa kiasi cha kumfanya mtu achague ya brashi.

Taa ndogo, vipimo vya rangi na mikoba ya kubebea havistahili hata dakika moja ya mashauriano.

Ukishaufikisha nyumbani

Hatari moja ni ya msumeno wa betri peke yake: ukiwa umetulia hautoi sauti, hivyo mtu husahau kwamba uko tayari. Chomoa betri kila unapokaza cheni, unaponoa, unapomkabidhi mtu mwingine au unapoondoka kwenda kuburuta matawi, na zaidi sana kama nyumbani kuna watoto. Vaa miwani, glavu na buti ngumu. Suruali maalumu za kinga hufanya kazi kwa nyuzi zinazonaswa na cheni na kuisimamisha, lakini mota ya umeme ina msukumo mkubwa tangu mzunguko wa kwanza, kwa hiyo zisihesabiwe kama ruhusa ya kukata karibu na goti.

Betri iliyotoka kazini ikiwa ya moto iachwe ipoe kivulini kabla ya kuchomekwa kwenye chaja, na asubuhi za Juni kule Njombe iachwe kwanza ndani ya nyumba ipate uvuguvugu, kwa sababu seli za lithiamu huumia zikichajiwa katika baridi ya kugandisha na chaja nyingi hukataa hata kabla ya hapo. Kama hutakata kitu kwa miezi miwili, iache ikiwa na takriban nusu ya chaji, nje ya msumeno, mahali pakavu pasipo chini ya bati linalochomwa na jua. Na kabla ya mti wa kwanza kuanguka, pita ofisi ya misitu ya wilaya yako uulize kuhusu usajili wa msumeno na kibali cha kukata na kusafirisha mazao ya mti, hata ule ulioupanda mwenyewe, kwa kuwa mlinzi wa geti la barabarani hataangalia kama msumeno wako ulikuwa wa petroli au wa betri.